Ubuyu Uliovuka Namanga

Ukimwambia Mkenya kwamba unaishi ughaibuni, halafu ukaongeza kwamba ughaibuni kwenyewe ni Eldoret, atakucheka mpaka akuombe maji ya kunywa. Kwao ughaibuni ni kule wanakokwenda wanariadha, kwenye theluji, na kufika kwake ni kwa ndege. Mtu wa Dodoma aliyepanda basi akavuka mpaka wa Namanga huyo ni jirani tu, aache maringo. Mume wangu ndiye kinara wa kucheka. Alikuja kwetu kusomea ufundi wa matrekta, akanikuta, akanioa, akanileta Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, na mpaka leo nikisema "huku ugenini" ananiuliza ugeni uko wapi wakati ugali ni ule ule.

Ugeni upo, jamani. Upo kwenye baridi. Kwetu jua ndilo linalokutoa kitandani, huku asubuhi unafungua mlango wa nyuma mdomo unafuka moshi kama jiko la kuni. Upo kwenye maziwa pia. Huku ukipewa chai umepewa maziwa yaliyoonyeshwa majani kwa mbali, na ukisema unataka ya rangi, mwenye nyumba anakutazama kwa huruma, anadhani huko kwenu hakuna ng'ombe. Na upo dukani, nikifungua mdomo tu kuomba kiberiti, muuzaji anaacha kupima sukari anasema, "Ongea tena tusikie." Nimekuja kununua kiberiti, sikuja kutumbuiza.

Hayo yote niliyazoea. Mimi si mtu wa kulialia, na mwanamke aliyelelewa na mama yangu hawezi kuwa wa kulialia hata akitaka. Kilichonishinda ni ile mimba.

Ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilitoka mwaka uliotangulia, mapema, kabla mtu yeyote hajajua isipokuwa mimi na mume wangu. Tulilia wawili tukanyamaza wawili. Kwa hiyo hii ya pili ilipoingia tukakubaliana midomo tuifunge. Kwa watu wa mume wangu mimba haitangazwi, tumbo ndilo litakalosema lenyewe siku likiwa tayari. Kwetu Ugogoni ni hivyo hivyo, hapo sikuwa na ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ulikuwa na tumbo. Nilikuwa nimesikia habari za kichefuchefu cha asubuhi, hiki unachosoma kwenye mabango ya kliniki na picha ya mwanamke anayetabasamu huku kashika kikombe. Changu hakikujua asubuhi wala jioni. Ugali ulirudi. Sukuma wiki ilirudi. Maji matupu yalirudi, na yakishakwisha nikawa natapika nyongo, nimeshikilia sinki kwa mikono miwili. Harufu ya maziwa yakichemka kwa jirani ilitosha kunitoa mbio. Mume wangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda mashambani, maana ulikuwa msimu wa kupanda na kila tajiri mwenye trekta bovu alikuwa akimtafuta yeye. Akirudi jioni ananikuta palepale aliponiacha. Alikuwa ananitazama, na mimi nilijua anachofikiria kwa sababu ndicho nilichokuwa nafikiria mimi.

Sista wa kliniki, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembeleza, alinipandisha kwenye mzani, akatazama, akanishusha, akanipandisha tena, utadhani mzani ndio wenye makosa. Halafu akanikalisha.

"Mama, ukirudi hapa na uzito umeshuka tena, mimi siwezi kukuacha uende nyumbani," akasema. "Tutakulaza tukuwekee maji. Lakini na wewe jaribu kitu. Tafuta chakula kimoja tu chenye kinaweza kukaa. Kimoja. Huyu mtoto anakutegemea."

Nilitoka pale roho juu juu. Chakula kimoja. Nilijaribu viazi vya Burnt Forest, vile vyenye unga, nikala vitatu kwa furaha na vitatu vikarudi. Nilijaribu ndizi, uji wa wimbi, limau na chumvi. Mume wangu akawa haji nyumbani mikono mitupu, kila jioni anashika kifuko kipya kama mganga, na kila kifuko kiliishia kwa kuku wa jirani.

Katikati ya hayo ndipo mama mkwe alikuja kututembelea. Yeye anaishi Moiben, ni mjane, analima mahindi na kufuga ng'ombe, na anatembea kwa kasi ambayo mimi siiwezi hata nikiwa mzima. Maneno yake ni machache, na machache hayo yamenyooka. Alinikuta nimelala mchana kweupe, pazia limefungwa. Alisimama mlangoni na gambuti zake, viatu vya mpira vya shambani, zenye udongo.

"Huku watu wanapanda," akasema, "na wewe unalala?"

Nikanyanyuka haraka, nikajikaza kisabuni, nikamkaribisha. Ningemwambia nini? Nikitaja mimba nimevunja adabu, na nikiitaja kisha ikatoka, je? Nikasema kichwa kinauma kidogo. Akanitazama toka juu hadi chini, akaweka mezani zawadi aliyoniletea, mursik, yale maziwa ya mgando yanayowekwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa mpaka yanakuwa na rangi ya kijivu. Kwao hiyo ni heshima kubwa, ndiyo wanayopokelea washindi wa mbio. Nilishika pumzi mpaka alipoondoka. Alipoondoka sikuwa na hakika kama amekasirika au ana haraka, kwa sababu sura yake kwa mambo hayo mawili ni moja.

Usiku ule tamaa ya ubuyu ilinishika. Sijui ilitoka wapi, ila ilikuja kwa nguvu, mate yakajaa mdomoni ghafla, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi mate kunijaa kwa ajili ya kula.

Nieleze, maana hapa ndipo Wakenya wananiambia, "Si mabuyu yako hapa, watoto wanauziwa kwa geti ya shule." Yapo, ndiyo. Ni makavu, yana rangi na sukari, unalamba mara mbili rangi imekwisha umebaki na kokwa. Nilinunua, nikala, yakarudi kama vingine vyote. Ubuyu wa kwetu umelowa. Mama yangu alikuwa anachemsha sukari mpaka inavutika, anatia rangi nyekundu, iliki nyingi isiyo na adabu, pilipili manga na vanila, halafu anamwaga ubuyu wenyewe na kugeuza kwa mwiko mpaka kila punje inavaa koti zito linalong'aa. Ukiuweka mdomoni unaanza na utamu, kisha uchachu unakukamata nyuma ya taya, kisha pilipili inakukumbusha kwamba uko hai. Wanawake wajawazito kwetu wanautembeza kwenye mikoba, hakuna anayewashangaa.

Nilimpigia Mama simu. Nilipotaja ubuyu tu akasema, "Haya, nimeelewa," na hakuuliza zaidi. Alipika akatuma kwa basi. Kifurushi kilifika Nairobi, na hapo ndipo habari zake zilipokomea. Aliyesema kakipokea alisema kakikabidhi, aliyesema kakabidhiwa simu yake haikupatikana tena. Nililia siku hiyo kwa hasira, mwanamke mzima, nikililia pipi.

Siku ya tatu baada ya hapo nilikwenda kutafuta mchele. Tumbo lilikuwa limekubali wazo la wali mweupe, wazo tu, na mimi sikutaka kulivunja moyo. Kuna duka la nafaka tunaloliita kwa Mama wa mchele, barabara ya kutoka Kiplombe kuelekea mjini. Mwenyewe ni mama wa makamo kutoka Murang'a aliyekuja huku na mumewe zamani. Mumewe ni dereva wa lori, anafuata mchele Mbeya, na wali wa harusi zote za upande wetu umepita mikononi mwao. Nilikuwa nimeinama juu ya gunia, nachambua punje kwenye kiganja, ndipo pua yangu ikasikia iliki.

Pua ya mwanamke mwenye mimba, Mungu anisamehe, ingeweza kuajiriwa na polisi. Niliinua kichwa. Nikanusa upande huu, nikanusa upande ule. Nikamuuliza yule mama kama kuna mtu anapika pilau.

"Pilau gani na saa hizi?" akasema. "Wewe unasikia nini?"

"Iliki."

Akafikiri kidogo. Kisha akainama chini ya kaunta akatoa boksi, na ndani ya boksi mikebe ya plastiki yenye vifuniko, na ndani ya mikebe kitu chekundu kinachong'aa. Karatasi iliyobandikwa juu ilikuwa imeandikwa Kiswahili cha kwetu, hata maneno ya kutahadharisha watoto yalikuwa na unyenyekevu wa kwetu, tafadhali hiki na tafadhali kile. Nikashika gunia.

"Ni hii?" akauliza. "Hii mzee wangu alileta na lori, akasema ni kitu watu huko wanapenda. Hapa haisongi, hainunuliwi. Kila mtu akifungua anasema imeloa, imeharibika. Nilikuwa nataka kumwagia kuku."

Kumwagia kuku. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia asithubutu, nikafungua mkebe palepale bila kuuliza bei, nikatia vidole viwili, nikaweka mdomoni. Utamu. Uchachu nyuma ya taya. Pilipili. Nikafumba macho. Yule mama alikuwa ananitazama, ameshika kibaba cha kupimia.

Nikameza mate. Nikasubiri. Nilikuwa nimeshajua tumbo langu lina tabia ya kunipa muda mfupi wa matumaini kabla ya kunidhalilisha, nikatupia jicho mtaro ulioko nje kupima umbali. Hakuna kilichotokea. Nikala nyingine, nikasubiri. Kimya.

"Ni ya miezi mingapi?" akauliza yule mama, kwa sauti ya chini.

Nikaona sina sababu ya kumdanganya mtu aliyekuwa amenishikia uhai wangu chini ya kaunta. "Inakwenda wa nne," nikasema.

"Basi beba yote," akasema. "Boksi mzima. Na ukimaliza nitamwambia mzee akitoka kwa mchele apitie tena. Wewe kaa kwa hiyo kiti kwanza, rangi yako haifurahishi."

Nilikaa kwenye kiti chake nikala ubuyu kama mtoto aliyetoroka shule, natema kokwa kwenye gazeti. Sikumbuki kama nilikumbuka kununua mchele.

Mambo yalianza kubadilika polepole. Ubuyu haukunishibisha, lakini ulinifungulia mlango. Nikianza na ubuyu, baada ya muda mfupi chai ya rangi ilikaa. Chai ikikaa, kipande cha kiazi kilikaa. Bado nilikuwa natapika siku nyingine, lakini si kila kitu, na si nyongo. Mume wangu akirudi jioni ananikuta nimekaa mlango wa nyuma juani, midomo na vidole vyekundu, ananiuliza leo imekaa? Nikitikisa kichwa kwamba ndiyo, anakwenda kuoga akipiga mluzi. Niliuhamisha ubuyu kutoka kwenye mikebe nikautia kwenye bakuli la bati, kwa sababu ndani ya mikebe ulikuwa unagandana na mimi subira sina.

Sasa, mkulima yeyote wa huku kwetu Uasin Gishu anajua kitu ambacho mimi mtu wa Dodoma sikukifikiria hata dakika moja. Mbegu ya mahindi ya dukani huja imepakwa dawa ya kuua wadudu, na dawa ile, ili mtu asije akaisaga mbegu hiyo kwa bahati mbaya, hutiwa rangi. Ile ya mwaka ule ilikuwa nyekundu. Watoto wa huku wanaambiwa kabla hata hawajajua kusoma: nyekundu usiguse, nyekundu ni sumu. Na katika stoo yetu kulikuwa na mfuko wa mbegu iliyobaki. Mume wangu alikuwa ameinunua huku mjini kwa ajili ya shamba la mama yake, nyingine akaipeleka Moiben, iliyobaki akaiweka stoo ikiwa imefunguliwa mdomo, kwa ajili ya kurudishia mahali mahindi yatakapokataa kuota.

Huko Moiben kunguru walifukua mistari kadhaa. Mama mkwe akaja kuchukua ile mbegu iliyobaki.

Alifika bila kupiga simu, kama kawaida yake, na jagi la maziwa mkononi. Akaingia kwa uani, stoo ikiwa ndiyo ya kwanza njiani. Akaona mfuko uko wazi, umepungua. Akatoka, akapiga kona, na pale kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akanikuta mimi. Nimekonda nimebaki macho. Bakuli la bati mapajani. Punje nyekundu kiganjani, vidole vyekundu, mdomo mwekundu, nyingine ndani natafuna.

Sijawahi kumwona mtu mwenye umri ule akikimbia vile. Nilichosikia kwanza ni bakuli likiruka kutoka mapajani na punje zikitawanyika uani. Halafu mkono umenishika shingo kwa nyuma, mkono wa mtu anayekamua ng'ombe kila siku ya Mungu, na vidole vya mkono wa pili vinanifungua mdomo.

"Tema," akasema. "Tema yote."

Nikatema. Ningekataaje? Nikajaribu kusema ni ubuyu, lakini mtu aliyeshikwa taya hasemi la maana. Alikuwa amebadilisha lugha, anaongea Kinandi chao mfululizo, na sauti yake ilikuwa nyembamba, sauti ambayo sikujua anayo. Akaniinamisha.

"Tapika."

Nikangoja. Yeye pia akangoja, amenishika mabega.

Sasa niambieni kama hayo ni maisha. Miezi nimetapika bila kuombwa, nimetapikia sinki, nimetapikia mtaro, nimetapikia kanisani ndani ya mkoba wangu mwenyewe, na siku hiyo moja ninayoombwa kwa heshima zote nitapike, tumbo limetulia tuli. Nilijaribu hata kujisukuma kidogo kumridhisha. Wapi.

"Mama, haitoki," nikasema.

Hapo akachukua jagi. Huku mtu akimeza sumu anapewa maziwa, ndiyo huduma ya kwanza inayojulikana na wote. Akaniwekea jagi mdomoni akaliinua, na mimi niliyekuwa nakimbia harufu ya maziwa ya jirani nikayanywa maziwa mabichi, bado yana uvuguvugu, kwa mafunda makubwa, kwa sababu nilikuwa na chaguo la kuyanywa au kuyaoga. Yakaisha. Nikakaa chini, nimeshika tumbo, nikisubiri kiumane.

Yakakaa.

Nikajipapasa. Yalikuwa yamekaa kabisa, mazito na ya moto, na nilisikia joto likisambaa mpaka miguuni. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele yangu, anapumua kwa shida, anatazama uso wangu bila kupepesa.

"Mama," nikasema, "ile si mbegu. Ni ubuyu. Ni pipi ya kwetu."

"Pipi gani ina rangi ya dawa?"

Nikainuka, nikamshika mkono, nikampeleka stoo. Nikachota mbegu kiganja kimoja, nikaokota punje za ubuyu kiganja kingine, nikamwekea mbele. Akanusa huku. Akanusa huku. Iliki ikampiga puani akarudisha kichwa nyuma. Nikamweleza yote, lori la mchele, Mama wa mchele, boksi. Na kwa kuwa adabu yote ilikuwa imeshamwagika uani pamoja na ubuyu, nikamalizia.

"Nina mimba, Mama. Ndiyo maana nilikuwa nalala. Hakuna chakula kinachokaa isipokuwa hiki."

Akarudisha zile mbegu mfukoni moja baada ya nyingine. Akafunga mfuko kwa kamba, fundo mara mbili. Nilidhani ameelewa.

"Twende hospitali," akasema.

"Mama, si nimekwambia ni pipi?"

"Nimesikia. Twende."

Akampigia mwanawe simu, ikaita mpaka ikachoka, maana mtu yuko chini ya trekta. Akasimamisha bodaboda barabarani. Mwendeshaji, bwana mmoja wa jirani, akapunguza mwendo kila tuta, na mama mkwe alikaa nyuma yangu akiwa amenizungushia mikono miwili kiunoni, jagi tupu linanigonga ubavuni. Mimi nilikuwa nusu naona aibu, nusu nataka kucheka, nikiwazia jinsi nitakavyomsimulia mume wangu jioni. Na zaidi ya yote nilikuwa nasikilizia yale maziwa. Tulipita tuta la kwanza, la pili, barabara mbovu ya karibu na kliniki, na yaliendelea kukaa.

Sista alinisikiliza mpaka mwisho kwa uso wa kazi. Akaniomba nimwonyeshe huo ubuyu. Nilikuwa nao punje chache mfukoni mwa sweta, akanusa, akaweka moja mdomoni, akafikiri, akaweka nyingine. "Hii imekuokoa," akasema, akanipandisha kwenye mzani.

Nilitazama dari. Sikutaka kuona.

"Umeongeza," akasema.

"Ni maziwa," nikasema. "Nimekunywa jagi zima, huo ni uzito wa jagi."

"Hata nikitoa jagi, umeongeza. Lala hapa tusikilize."

Akanipaka mafuta ya baridi tumboni, akaweka kile kimashine kidogo, akakisogeza huku na huku kwa muda ulionichosha moyo. Kwanza kulikuwa na mngurumo tu. Nilikumbuka mara ya kwanza, chumba kama kile, mngurumo ule ule, na sista mwingine akizima mashine taratibu bila kunitazama. Nilishika ukingo wa kitanda. Halafu ukatokea mdundo, wa haraka haraka, kama mashine ya kusaga posho iliyo mbali ng'ambo ya bonde, haikati, haichoki. Nikaachia pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu mwaka uliopita. Machozi yakaniingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali.

Sista akageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, gambuti zake zimeacha udongo sakafuni, amekataa kiti mara mbili.

"Mama, usijali tena," sista akamwambia. "Mtoto yuko sawa kabisa. Si unasikia?"

"Nimesikia mtoto," akasema mama mkwe. "Na huyu mwenye amembeba?"

"Huyu?"

"Huyu. Yeye atabaki?"

Sista akanitazama, akamtazama. "Atabaki, Mama. Hajakula sumu yoyote. Yeye pia yuko sawa."

"Ni hakika?"

"Ni hakika."

Ndipo akakaa. Alikaa kwa mkupuo, benchi likalia, akafungua kitambaa chake cha kichwa akakishika usoni kwa mikono miwili. Alipoongea alikuwa anamwambia sista, si mimi.

"Mtoto nilijua siku nyingi," akasema. "Mimi nimezaa, siwezi kosa kuona. Lakini huyu msichana ako hapa peke yake. Mama yake ako mbali. Nilimkuta amelala, nikamwongelesha vibaya, nikaenda zangu. Leo nikaona ile kitu kwa mkono yake, nikasema, basi, amechoka na sisi. Ameamua kuenda, na ni mimi nimemfukuza."

Nilikuwa nimemwogopa mwanamke yule tangu siku ya kwanza, na kumbe muda wote ule alikuwa ananiogopea. Nikashuka kitandani, tumbo bado limepakwa mafuta, nikaenda kukaa karibu naye kwenye benchi, bega kwa bega. Nilitaka kumwambia kwamba siendi popote, kwamba sijawahi hata kuwaza hivyo, kwamba hata siku za nyongo nilikuwa nataka kubaki. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilinishangaza hata mimi.

"Mama," nikasema, "nina njaa."

Akatoa kitambaa usoni. Macho yalikuwa mekundu. Akanitazama vizuri, kama mtu anayetaka kujua kama anataniwa.

"Unataka kula nini?"

"Chochote, Mama," nikamwambia. "Chochote kile."